Chiriku Alie

Harufu ya chakula cha ndege haina makuu. Ni mtama mdogo, mbegu za mimea nisiyoijua majina, na vumbi kidogo. Lakini wiki iliyopita niliingia duka moja la mtaa wa Saint-Josse kununua unga wa muhogo, na mwenye duka, ambaye huuza kila kitu kuanzia sabuni mpaka sandali, alikuwa ameweka gunia la mbegu hizo karibu na mlango, mdomo wazi. Nilisimama pale na kikapu changu, watu wakinipita huku na huku, mmoja akaniomba samahani kwa sauti ya kunifukuza. Sikumjali. Nilikuwa nimerudi Berchem, kwenye roshani ndogo ya ghorofa ya tatu, nina umri wa miaka minane, na Nkambo yu hai.

Nkambo ni neno letu la Katanga la bibi au babu. Huyu alikuwa mama yake Mama. Niwaambie mapema, ninyi mnaonisikiliza, kwamba katika kisa hiki kuna vicheko vingi, lakini msije mkadanganyika navyo.

Sisi tulikuwa tumetoka Lubumbashi kuja huku kwa Wazungu nikiwa mdogo sana, kiasi kwamba kitu pekee nilichokumbuka ni vumbi jekundu kwenye soksi. Tulipewa nyumba kwenye majengo ya komuni, yaani ya manispaa, huko Berchem-Sainte-Agathe, mahali ambapo mvua hunyesha kwa ustaarabu, polepole, siku nzima. Papa alisafisha ofisi upande wa Porte de Namur. Mama alihudumia wazee wa Kizungu kwenye nyumba yao ya kutunzwa, na alirudi jioni akiwa hana hamu ya kusema na mtu. Sikuwa na kaka wala dada. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kimya, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na kelele ndani yake, kwa hiyo kelele zangu zilisikika mara mbili.

Kisha Nkambo akaja. Babu alikuwa amefariki, macho yake Nkambo yalikuwa yanaharibika, na Mama alihangaika mpaka akapata njia ya kumleta. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Zaventem. Nilitegemea bibi wa kupakatwa naye. Badala yake akatokea mwanamke mfupi mwenye kitenge cha njano, akasimama katikati ya watu na mizigo yao, akanielekezea kidole na kupaza sauti.

"Huyu njo mukazi mwenzangu? Huyu mwenye miguu ya fimbo? Bwana wetu alikuwa kipofu kweli!"

Nilijificha nyuma ya koti la Papa. Hapo nikasikia jambo geni: Mama alikuwa anacheka. Hakuwa akicheka kile kicheko chake cha adabu cha mbele ya wageni, alikuwa akicheka mpaka anajishika tumbo.

"Mujibu!" akaniambia. "Mujibu, anakuchezea tu!"

Sikujua kwamba mtoto anaweza kumjibu mtu mzima. Kwetu nyumbani mtoto aliulizwa, akasema ndiyo, akaondoka. Papa ndiye aliyenieleza kwenye gari, kwa aibu kidogo, maana yeye ni mtu wa kanisa. Bibi na mjukuu ni watani, alisema. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, kwa hiyo bibi na mimi ni wake wenza, ndiyo ile mukazi mwenzangu ya Nkambo, na wake wenza wana ruhusa ya kutukanana. Aliishia hapo, akawasha redio.

Ruhusa hiyo niliichukua yote. Baada ya wiki chache nilikuwa namwita Nkambo mwizi wa mabwana, bibi kizee wa meno matatu, gunia la viazi lililovaa miwani. Naye aliniita mchawi wa Berchem, mke asiyejua kupika hata maji. Tulirushiana maneno asubuhi mpaka jioni, tukicheka mpaka mbavu zinauma, na ole wangu nikijaribu hata nusu ya neno moja kwa mtu mwingine yeyote. Mama alikuwa akipita na nguo za kufua, ananuna kwa mdomo huku macho yake yakicheka.

Shuleni hali ilikuwa tofauti. Siku moja mwalimu alimsimamisha Mama getini akamwambia kwamba mimi ni mtoto mwema lakini ni *bavarde*. Mama alirudi nyumbani amekasirika. Nkambo akauliza bavarde ni nini.

"Ni mutu wa maneno mingi," Mama alisema. "Kinywa haifungi."

"Aa," Nkambo akasema, akitulia kama mtu aliyepewa habari njema. "Chiriku."

Tangu siku hiyo likawa jina langu. Mama alilijua neno hilo kwa kulisikia kwa mama yake. Papa, ambaye ni mtu wa Likasi, hakulijua kabisa. Nkambo alizaliwa Kalemie, kule ziwani, na maneno yake mengine yalikuwa yamevuka maji kutoka Kigoma. Nilipomuuliza chiriku maana yake nini, hakunieleza. Alikuwa mtu wa kujibu kwa kidole. Alinivuta mpaka kwenye roshani akaonyesha roshani ya jirani.

"Yule pale," akasema.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kiflamandi ambaye watoto wote wa ngazi ile walimwita Bompa, yaani babu. Alikuwa amefiwa na mke. Alifuga ndege wadogo wenye kifua cha rangi ya tofali, na harufu ya mbegu zao ilifika mpaka sebuleni kwetu. Kila ndege alikaa kwenye kisanduku chake cha mbao, kidogo hata kisingeweza kubeba jozi ya viatu, chenye wavu upande mmoja. Majira ya kuchipua, Jumapili asubuhi, Bompa na wazee wenzake walipanga visanduku hivyo pembeni ya barabara, kila mzee akaketi mbele ya ndege wa mwenzake, ameshika fimbo ndefu ya mbao na chaki. Kila ndege alipomaliza wimbo wake wote bila kuukata, mzee alichora mstari. Aliyekuwa na mistari mingi ndiye aliyeshinda.

Nkambo aliwatazama kutoka juu, amejifunika blanketi, hakuamini.

"Banafanya nini hawa?"

"Wanahesabu ndege akilia, Nkambo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kwetu tunahesabu batu benye kulia," akasema. "Kwenye kilio. Nani alilia, nani alijifanya."

Hapa inabidi nieleze kitu, maana bila hicho hamtaelewa kilichotokea. Kwa Kiswahili chetu ndege analia. Jogoo analia, njiwa analia, hata simu inalia. Shuleni, kwa Kifaransa, ndege alikuwa anaimba, na anayelia ni mtoto aliyeanguka. Mimi nilivuka kutoka neno moja kwenda jingine kila siku bila kufikiri, jinsi nilivyovua viatu nikiingia ndani. Na msiba kwetu Lubumbashi huitwa kilio. Mtu anasema, kesho tuna kilio, naye anazungumzia viti, wali, watu na nyimbo, si machozi peke yake.

Nkambo na Bompa wakawa marafiki wa roshani kwa roshani. Yeye alisema Kiswahili, mzee alisema lugha yake, na hakuna aliyemngoja mwenzake amalize. Mmoja wa ndege akianza wimbo wake, wote wawili walinyamaza, kisha Nkambo akasema, "Chiriku analia vizuri leo," na Bompa akaitikia, "Ja, ja," kana kwamba ameelewa. Pengine alielewa. Mimi nilikaa chini kati ya miguu ya Nkambo na kula mkate. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi: chiriku ni ndege wa Bompa, na mimi nimepewa jina lake, kama mtu anavyompa mtoto jina la ua.

Majira ya joto ya mwaka wa pili Nkambo alianza kukonda. Walimpeleka hospitali, wakamrudisha, wakampeleka tena. Nyumba ilianza kunuka dawa. Alibaki na maneno yake, hilo nawahakikishia. Hata siku ambazo hakuweza kuinua kichwa, niliporudi shuleni aliniuliza kwa sauti ndogo kama bwana wetu kule juu ameshaoa mwingine. Lakini mimi niliogopa kumjibu sasa. Alikuwa mwembamba mno. Nilihisi kwamba tusi langu litamvunja, nikawa namjibu kwa adabu, "Hapana, Nkambo," naye akageuza uso ukutani. Nadhani hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Alasiri moja ya mwezi wa kumi na mbili, giza limeshaingia ingawa ilikuwa saa ya vitafunio, nilikuwa nje ya mlango wa chumba chake. Mama alikuwa ndani, anamkanda miguu. Nilisikia kila neno.

"Siku yangu," Nkambo alisema, "mushinililie sana. Hapa ni ugenini, batu baiko na kazi kesho. Pasta aombe, anyamaze. Kisha chiriku alie. Umesikia? Chiriku asipolia, miye siendi."

"Mama, acha hizo," Mama akasema.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Mama alitoka akanikuta pale, akafuta uso kwa mkono wa sweta, akaniambia niende nikale. Mimi nilikwenda nikala, na nikitafuna nilikuwa nimeshajua kazi yangu ni nini. Nkambo anataka ndege wa Bompa alie kwenye kilio chake. Bila hivyo haendi. Sikujua haendi wapi, ila nilielewa kwamba atabaki amekwama mahali fulani, peke yake, akingoja, kama watu niliowaona Zaventem ambao mizigo yao haikutokea.

Alikufa mwanzo wa mwaka. Sitasema mengi juu ya siku ile. Nilikuwa shuleni, na niliporudi kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Kumsafirisha hakukuwezekana, kwa hiyo alizikwa hapa, kwenye udongo baridi, asubuhi, na watu wachache. Kilio chenyewe kilipangwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, Saint-Josse. Asubuhi ya Jumamosi hiyo, wakati wakubwa wakibishana juu ya viti na sufuria, nilivuka kwenda kugonga kwa Bompa. Nilimweleza kwa Kifaransa changu cha shule kwamba bibi yangu ameomba ndege. Mzee alinitazama muda mrefu. Kifaransa chake kilikuwa kibaya kuliko changu.

"*Il chante pas l'hiver, hein, fille*," akasema. Haimbi majira ya baridi.

Nilimwambia haidhuru. Nilikuwa na hakika kwamba kwa Nkambo ataimba. Hawa ndege walimjua, aliongea nao kila siku, watakosaje kumfanyia hilo moja? Bompa hakubisha. Aliingia ndani akatoka na kisanduku kimoja, amekifunga kwa skafu ya marehemu mkewe, akanionyesha jinsi ya kukishika ili kisiinamie upande. Nilikitia kwenye mfuko wangu wa michezo, na kwenye gari nilikipakata. Hakuna aliyeniuliza nimebeba nini. Kwenye msiba mtoto aliyetulia haulizwi.

Ukumbi ulinuka dawa ya sakafu na wali. Mbele waliweka meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake picha ya Nkambo iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho. Ndiyo picha pekee niliyoijua ambayo hachekani na mtu, kwa kuwa mpiga picha alimkataza. Niliichukia picha ile. Mama alikaa kiti cha mbele, amefunga kitambaa cheusi, na mapajani alikuwa na mfuko wa plastiki wa supamaketi alioukumbatia kwa mikono yote miwili. Kuna mtu alitaka kumpokea auweke pembeni, akakataa.

Watu waliimba. Pasta akahubiri, tena kwa urefu, akasema mambo ya mbinguni na mambo ya vibali vya kukaa. Kisha akaomba. Kisha akanyamaza.

Ndipo Mama akageuka akanitazama. Nakumbuka mtazamo ule mpaka leo. Alikuwa ameinua nyusi kidogo, na mkono mmoja ulikuwa umeshafungua mdomo wa ule mfuko. Nilifikiri, kumbe Mama naye anajua, anangoja ndege. Nilisimama, nikatoa kisanduku, nikakiweka mezani mbele ya picha, nikafungua skafu.

Ndege alikuwa hapo, mzima, kifua cha tofali. Aliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, tukasikia kucha zake kwenye mbao. Akatulia. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama kisanduku. Niliinama, nikasogeza mdomo kwenye wavu.

"Lia," nikamwambia.

Hakulia.

"Lia basi," nikasema, kwa sauti zaidi, na sauti yenyewe ilikuwa imeanza kukatika. "Lia! Nkambo anangoja! Lia!"

Mama mmoja wa viti vya nyuma akajipiga kifua. "Ee! Mutoto anasema tulie!" alipiga kelele. "Mutoto wake mwenyewe anasema tulie!"

Ukumbi ukalipuka. Wanawake walianguka chini, wanaume waliinamisha vichwa, kuna aliyekuwa akiita jina la Nkambo na aliyekuwa akiita wafu wake mwenyewe wa miaka mingi, waliofia kule bila yeye kuwazika. Sijawahi kusikia watu wakilia vile, wala sitaki kusikia tena. Nilikuwa nimesimama katikati yao na mikono yangu juu ya kisanduku. Nkambo alikuwa ameomba asililiwe sana.

Maman Béa, mkubwa wa kikundi cha maombi, alisogea karibu na meza akiwa bado anajifuta. "Na hii ndeke ni ya nini?" akamuuliza Papa, chini chini. "Ndeke ndani ya kilio? Quand même, Papa, hii si kintu ya kuchezea." Nikaona mama mwingine akimvuta mwanawe mbali nami. Papa hakunigombeza. Alifunika kisanduku, akakipeleka kwenye ujia, akarudi akanishika bega. Wakati huo nami nilikuwa nalia kwa kwikwi, kwa sababu ndege amekataa na Nkambo amebaki palepale alipo. Watu waliniona wakatikisa vichwa. "Alimupenda nkambo yake," walisemezana. "Mutoto mwenye roho."

Mama peke yake hakulia. Alikuwa ameufunga tena ule mfuko, akausukuma chini ya kiti kwa kisigino.

Jioni nilimwona Mama chumbani kwa Nkambo akitoa mfukoni vitu vya marehemu: kitenge cha njano, kilemba, miwani. Alivikunja kimoja kimoja akavirudisha kabatini. Nilimuuliza alivipeleka vya nini.

"Bure tu," akasema.

Kesho yake nilimrudishia Bompa ndege wake. Aliuliza kama ameimba. Nilisema ndiyo. Bompa alimtazama ndege, akanitazama mimi, akasema ni vizuri, ni vizuri sana, kisha akageuka kutafuta kitu ndani ambacho sidhani kilikuwepo.

Hakuna aliyeniita Chiriku tena. Nami nilinyamaza. Haikuwa nadhiri wala hasira, ni kwamba sikuwa na mtu wa kumtukana. Mwalimu alimpongeza Mama getini: binti yako ametulia. Usiku mwingine nilimwaza Nkambo amekaa kwenye kiti cha plastiki katika uwanja wa ndege mkubwa usio na watu. Niliogopa kumuuliza yeyote kama ameondoka au bado.

Miaka ikapita, Bompa naye akapelekwa kwa binti yake, huko Flanders. Nikawa msichana mkubwa, nikapata kazi za Jumamosi kwenye jiko la mkahawa mmoja. Hapo nilikutana na Mtanzania, mwanafunzi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Siku moja nilikuwa nimechangamka, nikawa nasimulia jambo bila kupumua. Akacheka. "Wewe leo umekuwa chiriku kabisa!"

Niliweka kisu chini, nikamuuliza amejuaje jina hilo. Akashangaa, jina gani? Chiriku ni ndege, akasema, mdogo, anapiga kelele siku nzima. Lakini watu humwita hivyo hata mtu mwenye mdomo, mtu wa porojo na masihara. "Kwenu hamsemi?"

Hata hapo sikuunganisha mambo. Nilidhani nimeelewa jina tu. Iliyonifungua macho ni Jumapili moja, mwaka huohuo, kwenye kilio cha mzee mmoja wa Likasi, katika ukumbi wa nyuma ya Porte de Namur. Nilikwenda na Mama. Pasta aliomba, akanyamaza. Mara mlango ukapigwa teke na akaingia msichana wa rika langu amevaa koti la marehemu, kofia yake, na suruali iliyomzidi, anatembea kwa kuchechemea kama alivyokuwa akitembea yeye.

"Nani alimaliza bia yangu?" akafoka. "Nimekufa jana tu, na frigo iko tupu?"

Wakaingia wajukuu wengine watatu. Mmoja alilala mbele ya mlango akasema hakuna mtu kutoka mpaka bwana wake aombwe msamaha kwa wali huu mbaya. Mwingine alimtukana marehemu kwa ubahili wake, kwa mguu wake, kwa jinsi alivyokoroma kanisani. Ukumbi ulikuwa unakufa kwa kicheko. Mjane mwenyewe, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka kilemba kikamvuka, na katikati ya kicheko machozi yakamjia, akacheka na kulia pamoja, halafu akaomba chakula.

Sikucheka. Nilikuwa namwangalia Mama. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, vidole vimekunjwa kama vilivyokunjwa siku ile juu ya mfuko. Ndipo nikaelewa.

Tulirudi kwa metro mpaka Simonis, kisha tukapanda tram ya dix-neuf, ile namba kumi na tisa. Nilingoja mpaka tukapata viti.

"Mama. Chiriku ilikuwa mimi?"

Hakuuliza ninazungumzia nini. "Ilikuwa weye."

"Kile kitenge chake..."

"Nilikileta juu yako. Ungevaa, ungemucheza. Nilikuwa nakuangalia, nangoja uanze."

"Na hukuniambia!"

"Utani haifundishwaka," Mama akasema. "Nikikwambia, sasa fanya mchezo, hiyo si mchezo tena. Kule nyumbani ungeliona tangu mudogo, kwa bandugu zako, kwa kila kilio. Mutoto anaona, anajua. Miye nilifikiri iko kwa damu. Hapa, donc, ungeliona kwa nani?"

Mvua ilikuwa imeanza, ile mvua yetu ya Berchem. Nilifikiria mtoto yule wa miaka minane aliyeambiwa neno moja lenye milango miwili, akaingia kwa mlango usio wake. Nkambo alitaka nichekeshe watu wake. Nami niliwaliza, hata waliokuwa wameshasahau kulia. Na Mama alikwenda kumsindikiza mama yake akiwa na kicheko tayari kifuani, akarudi nacho. Sikujua mpaka siku ile kwamba kicheko kikikosa pa kutokea kinaweza kumkaa mtu miaka kumi.

Nikafikiri bado kuna nafasi. Nilijiweka sawa kwenye kiti, nikabana pua, nikaitoa ile sauti niliyomtania nayo Nkambo, na ajabu ilikuja yote, kana kwamba niliiacha jana. "Bwana wetu kipofu," nikaanza, "aliniachia huyu bibi kizee wa meno matatu, mwizi wa..."

Mama akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Acha," akasema. Hakuwa mkali. "Ile siku ingelikuwa mchezo. Leo ni kutukana mufu."

Aligeuka akatazama dirisha mpaka tukashuka. Nami nilikaa pembeni yake, kinywa kimejaa maneno ya kuchekesha, mazuri kweli, na sikuwa na mahali pa kuyasemea.